Sentensi Niliyomwambia Mama Gidabuya

Ninyi mnaoanza kazi sasa mkiniuliza dozi nitawaambia mkaangalie kwenye kitabu, maana dozi za wakati wangu nyingi zimeshabadilika. Mkiniuliza namna ya kuongea na mgonjwa, na wakati gani mfunge mdomo, hapo nina la kuwaambia, kwa sababu nililipia, na mwingine alilipia zaidi yangu. Nilikuwa muuguzi miaka thelathini na tatu, sehemu Mbulu na sehemu Hanang. Nimekaa nyumbani Tlawi sasa, nina ng'ombe wawili na shamba la ngano, na nikikaa peke yangu sikumbuki sana dawa nilizokosea. Nakumbuka maneno.

Aliyenifundisha kuongea hakuwa daktari. Alikuwa mhudumu wa zahanati aliyekuwa akifagia, akichoma taka na kuchota maji. Jina lake Mzee Tluway. Mimi ni Mwiraqw wa mlimani, na nilipopelekwa kwenye zahanati moja huko upande wa Mogitu nilikuta nusu ya wagonjwa ni wafugaji wa Kidatoga, hasa wanawake, ambao Kiswahili hawakijui, na mimi lugha yao siijui hata salamu. Mzee Tluway baba yake alikuwa Mwiraqw na mama yake Mdatoga. Alikuwa akiweka fagio nyuma ya mlango, ananawa mikono, anakuja kusimama kati yangu na mgonjwa, na hapo ndipo kazi inaanza.

Mwanzoni alinikera. Mimi nilikuwa naeleza dakika nzima juu ya kuchemsha maji, choo, kunawa mikono na wadudu wanaoleta kuhara, yeye anasema maneno matatu, mgonjwa anaitikia.

"Umemwambia yote?" namwuliza.

"Nimemwambia achemshe maji."

Halafu mgonjwa naye anaongea mpaka jasho linamtoka, anaonyesha kidole nje, anajifuta macho, na Mzee Tluway ananigeukia: "Tumbo linamwuma."

"Yote hayo ni tumbo tu?"

"Mengine hayako kwenye dawa zako, Sista. Ni ya mama mkwe wake."

Nilicheka. Sikuelewa bado kwamba ananifundisha kitu.

Kulikuwa na daftari la wagonjwa lenye sehemu ya kuandika jina la mkuu wa kaya. Kila mwanamke wa Kidatoga nikimwuliza, ananyamaza. Anaangalia pembeni kana kwamba hakusikia. Nikawa nadhani ni kiburi, na nakiri kuna siku nilipiga meza kwa kalamu. Mzee Tluway hakubishana na mimi. Alichungulia dirishani, akamwuliza mwanaume yeyote aliyekaa nje, akarudi na jina. Jioni tulipokuwa tunafunga ndipo aliponieleza. Mwanamke akishaolewa, jina la baba mkwe wake halitamki. Hata neno la kawaida likifanana na jina hilo analikwepa, anatafuta jingine la kuweka mahali pake. "Kwa hiyo akikunyamazia," aliniambia, "usijibu kabla hujajua amenyamazia nini."

Nilimsikia, nikaitikia, nikasahau.

Siku ninayotaka kuwaambia ilikuwa ya kliniki ya watoto, msimu wa mvua. Benchi limejaa, watoto wanalia, matope mpaka ndani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili kazini, msije mkasema nilikuwa mgeni. Mwenzangu alikuwa likizo ya uzazi na mimi nilikuwa peke yangu wiki ya tatu. Nasema hivyo mjue hali ilivyokuwa. Kujitetea sina haki nako.

Akaingia mwanamke kijana, matope yamemfika magotini, mgongoni amebeba mtoto wa kama miaka miwili. Msichana wa miaka minne hivi amemshika nguo. Nyuma yao alikuwa mwanamke mwingine, mtu mzima, mke mwenza wake, ambaye alijua Kiswahili cha mnadani. Mtoto aliitwa Gidabuya, na mama yake tukamwandika hivyo hivyo, Mama Gidabuya.

Sikusubiri amteremshe. Nilimwona mtoto akiwa bado mgongoni: mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, midomo imebadilika rangi, macho yako wazi lakini hayafuati kitu. Nimonia, na ilikuwa imeshafika mbali. Nikamlaza, nikamchoma sindano, nikamtuma mtu akapige simu gari lije kutoka wilayani. Mikono yangu ilifanya kazi yake vizuri. Huku mikono ikifanya kazi, mdomo nao ukaanza.

"Ameanza lini?"

Mzee Tluway akauliza, akajibiwa. "Siku tatu."

"Siku tatu? Siku zote hizo alikuwa anasubiri nini? Mwambie kama angemleta juzi, mtoto huyu angepona."

Mzee Tluway akanyamaza.

"Mzee, mwambie."

"Sista, tumalize kwanza na mtoto."

"Nimesema mwambie. Hawa wasipoambiwa watatuletea maiti kila siku."

Niliyasema hayo mbele ya benchi zima. Mzee Tluway aliangalia chini, hakufungua mdomo. Lakini yule mke mwenza alikuwa amesikia. Akaitafsiri yeye, kwa sauti, na wanawake wote wa Kidatoga waliokuwa pale wakageuka. Nilisikia sentensi yangu ikitoka kwa lugha nisiyoijua. Ilikuwa fupi kuliko nilivyoisema.

Mama Gidabuya hakulia wala hakujibu. Aliweka kiganja chake juu ya kifua cha mwanawe, akakiacha hapo. Nami nikaona, basi, anajua amekosa.

Mtoto alikufa kabla gari halijafika. Nilimwandika kwenye daftari. Mama yake alimfunga vizuri kwenye nguo, akambeba tena mgongoni kama alivyokuja naye, akamshika msichana wake mkono, akaondoka. Mke mwenza alikuwa ameshatangulia na habari. Mzee Tluway aliacha ndoo yake katikati ya chumba, akamfuata yule mama, akamvusha korongo lililokuwa limejaa maji.

Alirudi saa tisa. Akakaa kwenye ngazi, akavua viatu, akaanza kuvikwangua matope kwa kijiti. Nilimletea chai. Hakuinywa mara moja.

"Ameniambia njiani," alisema. "Mtoto alipoanza homa, alitaka kumleta siku ile ile. Mzee wa boma akakataa."

"Mzee gani?"

"Baba wa mume. Mume yuko mbali na ng'ombe, kule Basotu. Mzee alisema wangoje mwenye mtoto arudi. Yule mzee alishapeleka watoto wake wawili hospitali zamani, na wote walirudi wamefungwa kwenye blanketi. Anaogopa. Siku ya pili mama akaomba tena, akakatazwa. Leo alfajiri ametoka bila ruhusa. Yule mke mkubwa alitumwa amfuate, aone anakokwenda."

Nilikaa kwenye ngazi karibu naye. Kumbe katika boma lile zima alikuwepo mtu mmoja tu aliyekiuka amri ili mtoto afike kwangu, na ndiye niliyemkaripia.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambiaje, Sista? Mwenzake amesimama pale pale. Na mwenye kosa ni mtu ambaye hata jina lake halitamki."

Kisha akanywa chai yake, ilikuwa imeshapoa.

Kuanzia siku ile niliamua kujifunza kunyamaza, na nilijifunza kwa bidii. Haya ninayowaambia sasa mnaweza kuyatumia. Kabla hujamwuliza mama kwa nini amechelewa, mpe maji. Ametembea. Mwulize ametoka wapi na ameacha nani nyumbani, na utajua kwa nini amechelewa bila kumwuliza. Ukiona mgonjwa na aliyemsindikiza, jifanye unataka kumpima, mtoe huyo wa pili nje, halafu subiri. Usijaze ule ukimya kwa maswali mengine. Hesabu kimoyomoyo mpaka ishirini ukiweza. Mimi nimeambiwa mambo makubwa nikiwa nimefika kumi na saba. Na lawama hata ikiwa ya kweli haina dawa ndani yake. Mtoto akiwa mezani, maneno yote yawe ya mtoto.

Mzee Tluway aliona nabadilika, akafurahi kwa namna yake, maana yake alianza kuniletea mahindi ya kuchoma. Mimi nikajiona nimeshaiva.

Basi, kama mwezi mmoja baadaye, nasema kama mwezi, mvua zilikuwa zinaishia, wakaja wanaume wanne zahanati. Mmoja alikuwa mume wa Mama Gidabuya, amerudi kutoka Basotu, mtu mrefu mwenye macho mekundu. Wawili walikuwa wazee wa ukoo. Wa nne alikuwa yule baba mkwe mwenyewe. Mzee Tluway alimwamkia, akanikonyeza nijue ni nani. Nikawatolea benchi, nikawaamkia shikamoo mmoja mmoja, wakaitikia. Yule baba mkwe alikaa mwisho wa benchi, fimbo katikati ya magoti, anaangalia sakafu.

Mume ndiye aliyeongea, na Mzee Tluway akatafsiri. "Wanasema nyumbani kuna maneno. Wanasema mama ndiye aliyemchelewesha mtoto, na kwamba hata nesi alisema hivyo mbele ya watu. Wamekuja kukuuliza wewe mwenyewe. Ni kweli?"

Wanangu, nilikuwa na majibu mengi ya kuchagua. Ningeweza kusema nilikosea. Ningeweza kusema ugonjwa ule huua hata mtoto aliyewahishwa, ambalo ni kweli, na lisingemvunjia mzee yeyote heshima. Ningeweza kusema tu kwamba mama yule alikuja mbio, na kwamba nisingependa alaumiwe. Wote wanne wangeinuka wakiwa na kitu mkononi cha kumaliza maneno ya nyumbani.

Nikaangalia fimbo ya yule mzee. Nikajikumbusha yote niliyojifunza juu ya kunyamaza. Nikaona nikifungua mdomo tena nitaharibu tena. Nikasema, kwa heshima kubwa, na sauti ya chini kabisa:

"Mambo ya nyumbani kwenu mimi siyajui. Mimi naangalia ugonjwa tu."

Mzee Tluway alichelewa kutafsiri. Aliniangalia, akangoja, mimi nikainamia daftari. Mwisho akasema. Wale wanaume wakatazamana, wakashukuru, wakaondoka. Yule baba mkwe alikuwa wa mwisho kuinuka. Mlangoni alisimama kidogo, ameupa mlango mgongo, kama mtu aliyesahau kitu. Sikumwuliza amesahau nini.

Walipopotea, nikamwambia Mzee Tluway, "Nadhani nimesema vizuri."

Yeye alikuwa ameshachukua fagio. "Ulisema vizuri," alinijibu. "Lakini nilikuwa nangoja sentensi moja."

"Si wewe uliyenifundisha kunyamaza?"

"Nilikufundisha unyamaze kwa ajili ya yule mama. Leo umenyamaza kwa ajili ya nani?"

Nilikasirika. Nilimwambia yeye anajua yote, kwa nini hakusema mwenyewe. Akaniambia mtafsiri hasemi kisichosemwa. Siku akianza kuongeza ya kwake, hakuna atakayemwamini tena, si mgonjwa wala nesi. Hayo yalikuwa mazungumzo yetu makali kuliko yote katika miaka tuliyofanya kazi pamoja.

Nilisema nitakwenda pale bomani Jumapili. Jumapili ilikuwa na mgonjwa. Iliyofuata mvua ilirudi. Niliendelea kusema nitakwenda mpaka wanawake wa kliniki wakaniambia Mama Gidabuya amerudishwa kwa kaka yake. Yule msichana wake ameachwa kwa baba, kama desturi. Niliuliza kama mama alisema chochote siku ya kuondoka. Wakaniambia hakusema, ndiyo maana watu wakaamini.

Mwaka uliofuata nikahamishiwa Mbulu, kwenye hospitali kubwa, nikakaa huko miaka mingi. Huko ndiko nilikoona kwamba ugonjwa wangu wa maneno wanao wengi.

Daktari mmoja kijana, mtu wa mjini, mpole sana, alifiwa na mgonjwa, mzee wa Bashay. Watoto wake wawili wa kiume walikuwa wamelala nje kwenye nyasi usiku mzima. Daktari akatoka, akawaambia kwa huruma, "Jamani, mzee ametutoka." Wale vijana wakaangaliana. Mmoja akauliza, "Ametoka ameelekea wapi?" Kabla daktari hajapata la kusema, wakawa wameshaondoka, mmoja upande wa geti, mwingine upande wa jikoni, wanamtafuta baba yao. Niliwakuta wanaangalia nyuma ya tenki la maji. Wauguzi wawili kule ndani walicheka, hata mimi nikahisi kicheko kinakuja. Halafu nikamwona yule mdogo ameinama anachungulia chini ya mti wa ua, anaita, "Baba." Hamu ya kucheka ikaniisha, na sijawahi kuisimulia habari hii kama kichekesho tena.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kiswahili kwetu wengi ni lugha ya pili, kimeingia shuleni na mnadani. Maneno ya kuzungukazunguka yanapotea njiani. Salimieni kwanza, hata kama mna habari nzito. Ukiruka shikamoo kwa mtu mzima, atasikia dharau na hatasikia kitakachofuata. Kaeni chini, msisimame mlangoni kama mnaotaka kuondoka. Taja jina la mgonjwa. Sema, "Amefariki." Neno lenyewe. Kisha nyamaza, na usiguse simu yako.

Na kwenye hiyo simu kuna jingine. Siku hizi msiba unafika kwenye kundi la familia kabla mwenye msiba hajaambiwa. Nimemwona mama anasoma "pole sana dada" akiwa kwenye foleni ya maabara, anauliza watu, "Wananipa pole ya nini?" Mumewe alikuwa chumba cha pili. Aliyetuma ile pole alikuwa na nia njema tu.

Mzee Tluway alifariki nikiwa Mbulu. Nilifika kwenye mazishi, nikakaa na wake zake, nikamaliza siku nzima bila kusema jambo la maana, na hapo nadhani nilifanya sawa.

Miaka yangu ya mwisho kazini nikarudishwa Hanang, kituo cha afya. Asubuhi moja akaja kliniki msichana mjamzito, mimba ya kwanza, miaka kama kumi na tisa. Kiswahili safi cha shule. Akanipa shikamoo yangu, akakaa, nikaanza kujaza kadi. Jina, Neema, jina la shule hilo. Nikauliza habari za familia, kama kuna waliofariki wakiwa wadogo, maana tunatakiwa kuuliza.

"Kaka yangu mmoja," alisema. "Mama alimchelewesha kumpeleka hospitali."

Alisema kama anavyotaja kundi lake la damu. Hakukuwa na uchungu ndani yake. Ni kitu alichokikuta kimeshasemwa tangu anapata akili.

Nikauliza boma lao. Akalitaja. Nikauliza jina la kaka, ingawa kalamu ilikuwa imeshasimama.

"Gidabuya."

Nikamwuliza mama yake yuko wapi. Akasema alikufa mwaka juzi, kwa mjomba. Tangu aondoke walionana mara tatu tu. Mara ya mwisho mama alimwomba asogee karibu, kama anataka kumwambia jambo, halafu akamwuliza kama wanakula vizuri.

Nilifunga mlango. Benchi lilikuwa na watu kumi na nne nje. Nikamwambia yote, kwa mpangilio: homa, amri ya babu yake, alfajiri ile, korongo, mdomo wangu, benchi lililogeuka. Halafu wanaume wanne na jibu langu la heshima. Sikujipunguzia. Nilimwambia, "Mama yako hakumchelewesha. Mama yako ndiye aliyemleta."

 Nikaanza kuhesabu kama nilivyozoea, nikavuka ishirini, nikaacha kuhesabu.

"Na wewe ulijua?" aliuliza.

"Nilijua."

"Mama alikuwa hai miaka yote hiyo. Kwa nini hukusema?"

Nilikuwa na majibu. Kuhamishwa, mvua, desturi za watu, heshima ya mzee. Yalikuja yote kwenye ulimi. Nikaona kila moja lingekuwa la kunituliza mimi. Sikumjibu. Aliniangalia muda mrefu, akaona sitajibu, akachukua kadi yake.

Mlangoni akasema, "Jumapili nitakungoja pale njia panda. Utakuja uyaseme nyumbani."

Nilikwenda. Safari hii hapakuwa na mvua wala mgonjwa, na hata vingekuwepo ningekwenda. Neema alinipokea, tukatembea mpaka bomani. Babu yake alikuwa ameshakufa miaka mingi. Baba yake sasa ndiye mzee wa boma, nywele zimekuwa nyeupe, lakini macho yale yale. Alikuwa amekaa kwenye kigoda. Yule mke mwenza alikuwepo pia, amezeeka, haoni vizuri. Kulikuwa na vijana na watoto wa nyumba kama kumi, wamekuja kuona mgeni.

Nikasalimia. Nikakaa chini, kwenye ngozi waliyonipa. Sikuwa na mtafsiri mwingine ila Neema mwenyewe. Nikasema sentensi moja, nikasubiri, akaigeuza, nikasema nyingine. Nilimsikia akiyapitisha mdomoni mwake, mtoto anamtetea mama yake kwa maneno ya mtu aliyemhukumu. Tulipofika kwa aliyekataza safari, mimi nilisema "mzee wa boma wa wakati ule," kama nilivyozoea. Neema akalitaja jina la babu yake wazi. Yeye ni mtoto wa nyumba ile, hakuolewa humo, hakuna kilichomzuia. Yule mke mwenza akajifunika kichwa kwa nguo.

Nilipomaliza, baba yake Neema alikaa akiangalia zizini. Ng'ombe walikuwa wameshatoka, hakukuwa na kitu cha kuangalia. Kisha akaongea, polepole, na Neema akatafsiri akiwa ameangalia chini.

"Anasema walijua. Anasema babu mwenyewe alijua, na mpaka anakufa alikuwa hawezi kusikia mtoto akikohoa. Lakini hakuna mtoto wa kiume angeweza kumwambia baba yake neno lile, wala mke, wala mkwe. Anasema siku ile hawakuja zahanati kukuuliza kwa sababu hawajui. Walikuja kwa sababu wewe si mtu wa ukoo. Wewe ungeweza kusema, na wao wangekuwa wamesikia kwa mgeni, na mzee angekuwa amenyamaza, na mama angebaki."

 Baba yake akaongeza kitu kifupi, akaonyesha kwa mkono wale watoto waliosimama.

"Anasema wengi wa hawa wameambiwa vingine tangu wazaliwe. Anaomba useme tena tangu mwanzo. Polepole, ili wasikie."

Nikasogea mbele kidogo pale kwenye ngozi, nikawageukia watoto, nikasema tena.